Thelathini na Tisa kwa Kumi

Jumatatu, 3 Machi

Leo maziwa yamerudishwa. Agustina, dada anayepokea maziwa pale kiwandani Musoma, alichota kidogo kwenye kila keni, akachanganya na spiriti, akatikisa kichupa. Maziwa yakashikana vipande vipande.

"Dada Amondi, haya yameanza kuchacha. Siwezi."

Nikamwambia jua limewaka tangu asubuhi. Akasema jua ni la wote, na wenzangu wanafika kabla ya saa nne. Ni kweli. Mimi nafika saa tano.

Napakia Busawe, kule wilayani Serengeti, mara tu wanawake wanapomaliza kukamua. Navuka Mto Mara, napita Nyamongo, napanda milima ya Nyamwaga hadi Tarime, halafu nashika lami kuu ya kwenda Musoma. Milimani pikapu yetu haina mshindani. Tuliinunua kwa mkandarasi wa barabara aliyekuwa anaondoka, na ina nguvu kama trekta. Shida inaanzia kwenye lami kuu. Nikipita sitini na tano injini inapiga mayowe, mshale wa joto unapanda, nami napunguza. Napitwa na kila chenye magurudumu. Leo nimepitwa na lori la ng'ombe, na ng'ombe wenyewe walikuwa wananiangalia.

Daftari hili nimelinunua wakati nasubiri keni zioshwe. Sadock, mume wangu, yuko nyumbani Nkende na nyonga iliyovunjwa na bodaboda mwezi wa Desemba. Yeye ndiye aliyekuwa dereva. Sitaki kumbebesha kila ninachokiona njiani, kwa hiyo mengine nitayaandika humu.

Kesho lazima nimwambie mama yake, Mama Waisiko wa Busawe. Kikundi cha maziwa ni chake. Namwogopa kuliko Agustina.

Jumanne, 4 Machi

Nimemwambia. Mama Waisiko alikuwa anafunga ndama. Hakugeuka. "Ng'ombe wamefanya kazi yao," akasema. Basi. Nilipakia keni peke yangu.

Alhamisi, 6 Machi

Nimepita kwa fundi Maftah, hapa hapa Nkende. Ni mzee. Baba yake alitoka Tanga akiwa fundi cherehani, yeye akachagua vyuma. Ni Ramadhani, nikamkuta amekaa kivulini, midomo imemkauka.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mama Joel. Mgonjwa anaendeleaje?"

Nikamweleza habari za lami. Akainuka taratibu, akainua tairi moja la nyuma kwa jeki na kuliacha jingine chini. Akachora chaki kwenye tairi, akachora na kwenye propela, lile bomba refu linalopeleka mzunguko kutoka gia boksi hadi difu, kule katikati ya magurudumu ya nyuma. Akaniambia nizungushe tairi mara mbili kamili, kwa sababu jingine limesimama. Yeye akahesabu propela. Ilizunguka mara nne na karibu theluthi.

"Arobaini na tatu kwa kumi," akasema. "Krauni, gurudumu kubwa lililo ndani ya difu, lina meno arobaini na matatu. Pinioni inayolisukuma ina kumi. Injini inazunguka sana ili tairi lizunguke kidogo. Ndiyo maana gari linapanda ukuta, na ndiyo maana kwenye lami linalia."

"Basi tuweke difu inayotulia."

"Wewe unaiona lami tu. Nyamwaga huioni? Tope la Busawe hulioni? Difu inachaguliwa kwa njia yote, haichaguliwi kwa kipande kimoja." Akafuta chaki kwa kiganja. "Niache nifikirie."

Afikirie! Maziwa hayasubiri mtu anayefikiria.

Jioni nikamwambia Sadock. Alikuwa anasogeza magongo yake ukutani.

"Difu hiyo niliichagua mimi," akasema. "Nililiona gari hili likitoa lori mtoni. Unataka kulifanya teksi?"

"Nataka lifike saa nne."

"Wewe ndiye uliyeshika usukani," akasema, akawasha redio.

Jumamosi, 8 Machi

Otiende, mdogo wangu, ametokea Isebania, ng'ambo ya mpaka, kwenye gereji yake. Nilimpigia simu juzi, na leo kaja na difu kwenye gunia, ameilipia ushuru pale Sirari na karatasi zake mkononi.

"Thelathini na saba kwa kumi," akasema, akiipigapiga kama ng'ombe wa maonyesho. "Hii ni ya haiwei, dada. Hiyo gari yako imekuwa ikilia hivyo na wewe unaiangalia tu? Ukiweka hii, utafika Musoma ukiwa umesinzia."

Maftah alikuwa amekuja kumjulia hali Sadock. Akainama juu ya gunia, akahesabu meno kwa kidole.

"Difu nzuri," akasema. "Na ya mbele iko wapi?"

"Ya mbele itabaki tu vile iko, mzee."

"Pikapu hii inavuta magurudumu yote manne. Ukibadilisha nyuma ukaacha mbele, siku mkiunganisha gia ya mbele, nyuma itataka kwenda mwendo wake na mbele mwendo wake. Vyuma vilivyo katikati ndivyo vitakavyoumia."

"Si ataacha kuiunganisha?"

"Masika yakianza ataacha?"

Otiende akacheka. Nami nikacheka kidogo, kwa sababu niliona mzee anatafutia gereji yake kazi mara mbili. Sadock alikuwa amegeukia dirishani.

Jumapili, 9 Machi

Otiende amefunga difu hapa uani, tangu tulipotoka kanisani mpaka jua linazama. Sadock hakutoka nje hata mara moja.

Jumatatu, 10 Machi

Sijui niandikeje. Baada ya Tarime niliingiza gia ya tano, nikakanyaga mafuta, nikasubiri mayowe. Hayakuja. Themanini, na injini inanguruma chini chini kama mtu anayesali peke yake. Mshale wa joto umelala. Pale Kirumi nilivuka daraja dirisha likiwa wazi na nikasikia ndege. Miezi yote hii sikujua kwamba pale kuna ndege.

Saa nne kasoro. Agustina akatikisa kichupa, maziwa yakabaki laini. "Umekodi ndege?" akaniuliza.

Nilimpigia simu Otiende nikamwambia ana akili kuliko mafundi wote wa Tarime. Nilisema hivyo, na nilimaanisha.

Jumatatu, 17 Machi

Nimesimamishwa na askari wa barabarani mwenye tochi ya kupimia mwendo.

"Mama, hapa ni hamsini. Wewe umekuja na hamsini na nane."

Nikamwapia kwamba mshale wangu ulikuwa juu ya hamsini kabisa, haukuzidi hata unywele. Akanionyesha tochi. Namba ilikuwa pale. Akaandika faini, na ni haki yake.

Nimepitia kwa Maftah kumuuliza. Hakunicheka. Akasema mita ya mwendo inahesabu mizunguko ya propela, na haijui kwamba difu imebadilishwa. Inahesabu kama zamani, wakati kila mzunguko sasa unanipeleka mbali zaidi. "Mita inakudanganya bila kosa lake," akasema. "Ikikuambia hamsini, ujue umekaribia sitini."

Kwa hiyo wiki nzima nilipojisifu nakwenda themanini, nilikuwa zaidi ya tisini.

Jumatano, 19 Machi

Mawingu tu.

Ijumaa, 21 Machi

Mvua ya kwanza. Imenyesha kutoka Nyamongo mpaka Tarime, nayo imenikuta mlimani Nyamwaga na keni zimejaa. Zamani nilikuwa napanda pale na gia ya tatu bila kufikiria. Leo tatu ilikataa, gari likaanza kutikisika kama linataka kuzimika. Nikaweka ya pili. Katikati ya kona nililazimika kusimama kumpisha lori, na kuondoka tena ilikuwa kazi. Klachi ilinuka kama kwato lililochomwa. Bodaboda mmoja akapaza sauti, "Mama, gari linaungua!"

Nimefika saa nne na dakika chache. Agustina amepokea, lakini aliangalia saa.

Sijamwambia Sadock. Lakini nilipoingia alinusa nguo zangu, akaniangalia, akarudi kwenye redio yake.

Jumatatu, 24 Machi

Mvua. Klachi inanuka tena.

Alhamisi, 27 Machi

Naandika polepole maana mkono umevimba.

Busawe ilinyeshewa tangu jana. Ile njia ya kutoka kwa Mama Waisiko hadi barabara ya changarawe ni udongo mweusi, na ukilowa unashika kama ulimbo. Nilipakia, nikaenda hatua chache, magurudumu ya nyuma yakaanza kujichimbia. Nikarudi nyuma, nikaenda mbele. Likazama hadi difu ikalala kwenye tope.

Wanawake wakaja kusukuma. Mama Waisiko akafunga kanga kiunoni, akaweka bega kwenye bodi kama wengine, na ana miaka sitini na kitu. Tope lilimpiga usoni. Akanipigia kelele, "Gari hili si lina gia ya mbele? Siku zote Sadock alikuwa anaiweka!"

Nilijua. Maftah alisema, Otiende alisema. Lakini nilimtazama yule mama kwenye kioo, tope linamchuruzika kidevuni, nikaona saa. Nikavuta ile fimbo ndogo ya gia ya mbele. Magurudumu ya mbele yakashika, gari likatoka, wanawake wakapiga vigelegele.

Kwenye tope halikuumia, kwa sababu matairi yanateleza na kila ekseli inapata nafasi yake. Nilipanga kuondoa gia ya mbele mara tu nikigusa changarawe. Nilipogusa, fimbo ikakataa. Imekaza. Niliivuta kwa mikono miwili, nikajigonga kiganja. Usukani ulikuwa mzito, gari linaruka ruka kwenye kona. Nikajisemea nisogee kidogo mpaka mahali tambarare. Kabla ya kufika, chini yangu kukapiga mlio kama nyundo juu ya reli. Halafu gari likanguruma bila kwenda popote.

Nilishuka nikakaa kwenye jiwe.

Mama Waisiko ndiye aliyefika wa kwanza, amekuja mbio pekupeku. Nilisubiri anitukane. Ningekuwa yeye ningetukana. Alitazama chini ya gari, oili inadondoka kwenye mawe, akaniuliza, "Umeumia?"

"Mkono tu, mama."

Akaushika, akaugeuza, akakunja vidole vyangu kimoja kimoja. "Haujavunjika." Kisha akasimama na kuanza kuita watu majina. Huyu alete vibuyu. Huyu awashe moto. Yule na binti zake wachukue keni mbili wagandishe. Zilizobaki zikapelekwa shuleni kwa chai ya watoto ya saa nne. Ndani ya muda mfupi keni zote zilikuwa zimeondoka, na hakuna tone lililomwagwa.

Akarudi, akakaa jiwe moja na mimi kusubiri trekta la kutuvuta.

"Mimi ndiye niliyekupigia kelele uweke gia ile," akasema.

"Mama, niliambiwa nisiiweke."

"Mimi sikuambiwa." Akatema tope. "Kwa nini sikuambiwa? Maziwa ni yangu. Gari linabeba maziwa yangu. Nyinyi watatu mnakaa Nkende mnabadilisha vyuma, mimi nakuja kujua kwa kusukuma."

Miaka yote nimefikiri ananinyamazia kwa sababu mimi ni Mjaluo na hakunichagua. Leo nimeona kwamba tangu gari limekuja hakuna aliyemuuliza kitu, hata mimi.

Nikamweleza yote, tangu chaki ya Maftah. Aliuliza maswali mazuri. Trekta lilipofika alikuwa anachora meno kwenye tope la kanga yake.

Ijumaa, 28 Machi

Gari liko kwa Maftah. Otiende ameomba msamaha kwenye simu mpaka salio limekwisha.

Jumatatu, 31 Machi

Idi. Ummy, binti wa Maftah, ameleta sinia la pilau, na ujumbe wa baba yake kwamba kesho anaanza kufungua gia boksi ndogo, ile inayogawa nguvu mbele na nyuma. Mwezi mzima nilimwita mzee mzito wa kazi. Alikuwa anafunga, na bado alikuwa analala chini ya magari ya watu.

Sadock alikula sana. Halafu akasema bila kuniangalia, "Siku ile ya gunia ningewageukia, ningesema kitu."

"Ungesema nini?"

"Sijui. Nilikuwa na hasira na mguu, nikaipeleka kwenye difu."

Jumamosi, 5 Aprili

Gia boksi ndogo imepona. Cheni yake ilikatika, Maftah kapata nyingine Mwanza. Gia ya mbele ameifunga kwa waya ili nisishawishike.

Jumatatu, 7 Aprili

Mama Waisiko ameamua gari lisiingie kwenye tope kabisa. Punda wake wanne wanaleta keni mpaka changarawe. Nilipofika walikuwa wamepangwa mstari mmoja wananisubiri, na yeye mbele yao na fimbo.

"Umechelewa," akasema. Alikuwa anatabasamu. Sikuwahi kujua kwamba ana pengo.

Jumamosi, 12 Aprili

Maftah amesafiri nami, kutoka Busawe hadi Musoma, keni zimejaa. Alisema amefikiria vya kutosha gereji, sasa anataka kusikia.

Alikaa na mkono mmoja juu ya dashibodi, anasikiliza kwa kiganja. Nyamwaga klachi ilinuka, akafumba macho kama mtu aliyeumwa jino. Kwenye lami kuu, kila tulipokuta kilima kidogo nilitoa gia ya tano nikarudi ya nne, tukishuka naiweka tena. Hilo sikuwa nimeliona mwenyewe, mkono ulikuwa unafanya tu.

Tulipopakua tukanywa chai. Akasema, "Nilikuja na jibu mfukoni. Nilitaka kukuambia turudi kwenye arobaini na tatu, tuache ubishi."

"Na sasa?"

"Sasa nimekosea pia. Nimelisikia gari kwenye tambarare pale Kirumi, limetulia. Kulirudisha kwenye yale mayowe ni kuua injini. Lakini hii ya mdogo wako ni ndefu mno, mwendo mwingi nguvu kidogo, kwa mzigo huu. Gia ya tano imekuwa pambo. Kila mara unarudi ya nne, na ukiwa kwenye ya nne injini inazunguka sana kama zamani. Kwa hiyo umepata nini? Umepata tambarare, umepoteza vilima."

"Otiende anasema tuweke matairi madogo kidogo, kwamba yatafupisha mwendo."

"Kweli yatafupisha. Na difu itaburuza tumbo kwenye mawe. Hapana. Tunataka ya katikati. Thelathini na tisa kwa kumi. Mbele na nyuma, pacha, kutoka gari moja."

"Itapatikana?"

"Muulize yule kijana wako. Anajua kutafuta kuliko mimi."

Niliporudi nikaenda kwanza Busawe, nikamwambia Mama Waisiko kabla ya mtu mwingine yeyote. Alifikiri. "Itapanda Nyamwaga kwa gia gani?"

"Ya tatu, anasema Maftah. Polepole, bila klachi kunuka."

"Na tope?"

"Gia ya mbele itafanya kazi tena."

"Basi tafuteni," akasema. Nilihisi kama nimepewa ruhusa na waziri.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Otiende kapiga simu wakati wa mahubiri, nikatoka nje. Amezipata Migori, pacha, kwenye pikapu iliyopinduka. Alihesabu meno mara tatu, mara ya tatu akiwa amemshika shahidi mkono.

Jumamosi, 26 Aprili

Sikukuu ya Muungano, gereji zimefungwa isipokuwa ya Maftah.

Nilidhani watagombana. Otiende alikuja na pikipiki na maneno mengi, Maftah akamkabidhi spana na kumwambia, "Wewe nyuma, mimi mbele." Wakalala chini ya gari, miguu tu inaonekana, na kwa muda mrefu nikasikia wanazozana kuhusu mpira wa Kenya na wa Tanzania. Kuhusu difu hakukuwa na ubishi.

Sadock alikuja na gongo moja. Niliposhtuka kumwona langoni akasema, "Nimetembea. Usinishike."

Kazi ngumu ni kuzipatanisha krauni na pinioni ziumane sawasawa. Otiende anapaka rangi ya njano kwenye meno ya krauni, wanazungusha, halafu mtu anasoma alama iliyobaki pale meno yalipogusana. Ikiwa pembeni, wanaongeza au kupunguza vibati vyembamba vinavyoitwa shimu, wanarudia. Macho ya Maftah hayaoni vizuri vitu vidogo, na Otiende hana subira. Wakampa Sadock kigoda.

"Iko nje mno," Sadock akasema. "Jino linabeba ncha tu."

Wakaongeza kibati. "Bado."

Wakaongeza. "Sasa imeshuka sana. Punguza nusu."

"Mura huyu anatutesa," Otiende akasema. Ni neno la Wakurya la kumwita kijana, naye amelidaka kwetu na hulitamka vibaya.

"Unataka mke wangu akwame tena?" Sadock akamjibu. Alikuwa na rangi ya njano mpaka kwenye sikio. Sijamwona hivyo tangu Desemba. Mara ya mwisho, alipoona alama imekaa katikati ya jino kama muhuri, aliwaita wote waje waangalie, na mimi, na Ummy aliyeleta chai.

Jumatatu, 28 Aprili

Nyamwaga, gia ya tatu. Hakuna harufu. Kwenye lami gia ya tano imekaa humo humo mpaka Kirumi, nikaitoa kwenye kilima kimoja tu. Haiko kimya kama ile ya haiwei, na haipigi mayowe kama ya mkandarasi. Ni sauti ya gari linalofanya kazi. Mita nayo bado inadanganya, ila kidogo. Maftah ameweka alama ya rangi kwenye kioo chake pale ilipo hamsini ya kweli.

Saa nne kasoro.

Ijumaa, 2 Mei

Mvua kubwa. Saa nne kasoro.

Jumanne, 6 Mei

Mvua. Punda wamepumzishwa, nimeingia mpaka uani kwa Mama na gia ya mbele, nikatoka, na kwenye changarawe fimbo ikarudi kwa kidole kimoja. Niliiweka na kuitoa mara mbili zaidi bila sababu.

Jumatano, 14 Mei

Daraja dogo la Busawe limefunikwa na maji. Tulisubiri yapungue. Maziwa yamekuwa mgando. Hakuna difu ya hilo.

Jumatatu, 19 Mei

Wanawake wa kijiji cha jirani wamemwomba Mama Waisiko maziwa yao yaje nasi. Kawaambia waje kwangu, dereva ndiye anayejua gari linaweza kubeba nini. Nilimsikia akisema hivyo nikiwa nyuma ya zizi.

Jumamosi, 24 Mei

Mama Waisiko amesafiri nami kwenda Musoma kuona maziwa yake yanakokwenda. Alivaa viatu vya kanisani. Alimsimamia Agustina kwenye kila keni, akataka kunusa spiriti, akauliza kwa nini keni ya saba imepimwa mara mbili. Agustina aliniangalia kuomba msaada, nikajifanya nahesabu vifuniko.

Wakati wa kurudi aliongea njia nzima. Kumbe alipokuwa msichana alitembea kwa miguu hadi Tarime kuuza samli, na njiani walilala kwa watu wasiowajua. Alisema hajawahi kumsimulia Sadock. "Hajauliza," akasema. "Na huku mbele ya gari mtu anapata nafasi ya kuongea."

Jumapili, 1 Juni

Jua. Barabara zimeanza kutoa vumbi. Sadock ameendesha kutoka nyumbani hadi kanisani na kurudi. Mguu haukumsumbua kwenye klachi. Nilikaa pembeni nikiwa na wasiwasi, ingawa wasiwasi wenyewe haukuwa wa mguu.

Nyumbani akazima, akabaki ameshika usukani. "Limekuwa gari lingine," akasema.

"Baya?"

"Hapana. Ila mikono yako imelizoea. Mimi nalishtua." Akanipa ufunguo. "Maftah ameniomba nikamsaidie gereji, kwenye mambo ya kusoma meno. Nimekubali. Wewe endelea na Musoma."

Nikauchukua kabla hajabadili mawazo.

Jumamosi, 14 Juni

Leo tulimaliza mapema, tukarudi Busawe na keni tupu, Sadock akiwa nasi. Mama Waisiko alikaa mbele kama kawaida yake siku hizi. Tulipofika karibu na kiwanja cha mpira cha shule akanigusa bega.

"Simama hapa. Hiki cha kushoto kinachokanyagwa ni cha nini?"

"Klachi, mama."

"Kinafanya nini?"

Nikamweleza. Akavua viatu, akashuka, akazunguka mbele ya gari, akafungua mlango wangu.

"Sogea."

"Mama!" Sadock akaita kutoka nyuma.

"Nimelisukuma gari hili," akasema. "Nimelipakia. Nimelisubiri juani. Sogea, mama Joel."

Nikasogea. Sadock aliteremka na gongo lake, akaenda kuwafukuza mbuzi kiwanjani. Mara ya kwanza injini ilizimika. Mara ya pili gari liliruka, keni zikagongana nyuma kama kengele, watoto wakatokea kila upande. Mara ya tatu aliachia klachi taratibu, ulimi kwenye lile pengo, nasi tukaenda.

Tulizunguka goli la kwanza. Tulizunguka la pili. Sadock alikuwa amesimama katikati ameshika kichwa, anacheka mpaka gongo limeanguka.

"Sasa weka ya pili, mama. Kanyaga, vuta, achia."

Hakuangalia chini. Mkono wake uliitafuta, ukaipata, na gari likakaa sawa.

"Na ya tatu?"

"Ya tatu inataka barabara, mama."

Akanyoosha shingo juu ya usukani, akatazama kule mbele, kupita goli na mbuzi na mwanawe.

"Barabara si ile pale," akasema, akakata kona.